Maneno ya Bukini

Mama yangu alifundisha chekechea mpaka akastaafu, na hakuwahi kuota kuigiza filamu. Kazi hiyo aliipata kwa kunigombeza. Nilikuwa nimesahau chakula changu nyumbani, akaniletea hadi getini kwetu kazini, na kabla ya kunikabidhi akanipa somo zima kuhusu watu wazima wanaosubiri kukumbushwa kwamba wana matumbo. Mwongozaji wetu alikuwa anapita hapo na kikombe chake cha chai. Alisimama, akasikiliza hadi mwisho, na kesho yake akamwomba Mama awe bibi katika filamu yetu.

Filamu yenyewe ni ya kuchekesha, ya kutazamwa na watoto pamoja na wazazi wao. Kuna bibi anayeishi peke yake na bata bukini anayezungumza, mjuaji, mbishi, asiyekubali kushindwa. Bibi ni mtu kweli na jikoni ni jikoni kweli, lakini bukini ni katuni. Wachoraji wangemtia baadaye kwa kompyuta. Siku ya kupiga picha, kwenye kiti cha bukini palikuwa na fimbo tu, na juu ya fimbo mpira mdogo wa njano kuonyesha macho yake yatakuwa wapi. Fimbo ilishikwa na jamaa mmoja mrefu tuliyemwita Twiga, ambaye kwa ajili ya kazi hiyo ilimbidi ajikunje chini ya meza. Mimi kazi yangu ni kuhakikisha mambo hayabadiliki kati ya picha moja na nyingine: kikombe kiwe mkono uleule, kilemba kifungwe vilevile, na macho ya mwigizaji yatazame palepale.

Macho ya Mama yalitazama palepale, hilo sikuwa na lawama nalo. Shida ilikuwa mdomo. Akizungumza na mtu, Mama ni moto wa kuotea mbali. Akizungumza na ule mpira, alikuwa kama anayesoma tangazo la mzigo uliopotea. Maneno ya bukini alikuwa anasomewa na msaidizi wa mwongozaji, naye aliyasoma bila kupumua, akili yake yote iko kwenye saa.

"Mama, jaribu kumwona," mwongozaji alimwambia kwa upole.

"Nimwone nani? Naona mpira."

"Bukini, Mama."

"Mwanangu, nimewafundisha watoto wa watu kutofautisha mpira na bata. Leo niwachanganyie mimi mwenyewe?"

Watu walicheka, na mwongozaji naye alicheka, lakini huku anatazama dirishani, maana mwanga ulikuwa unahama. Akanivuta pembeni. Alisema kama hadi mchana mambo hayajakaa sawa, itabidi amwite mwigizaji mzoefu. Nikasema sawa. Ningesema nini? Lakini kusema kweli, siku ile si filamu iliyoninyima raha. Kilichoninyima raha ni begi.

Begi lilikuwa la mama mkubwa, dada yake Mama. Lilikuwa mlangoni kwetu tangu jana yake, limefungwa zipu, tayari kwa safari ya Jumamosi. Mama mkubwa alikuwa anahama kwenda kuishi na rafiki yake katika mji mwingine. Hakuna aliyemfukuza. Alikuwa anaondoka kwa sababu paka wetu alikufa, na hapo lazima nieleze.

Mama yao alipolazwa hospitali, mama mkubwa ndiye aliyekuwa anaishi karibu naye. Mama alipiga simu kila siku, na kila siku dada yake alimjibu kwamba mgonjwa anaendelea vizuri, asihangaike, aje shule zikifungwa. Mgonjwa akafariki kabla shule hazijafungwa. Mama alifika kuzika. Tangu siku ile hakumsemesha dada yake hata neno moja.

Miaka ikapita, mama mkubwa akafiwa na mumewe, nami nikaenda kumchukua aje tukae naye. Mama hakukataa. Alifagia chumba cha uani, akatandika shuka mpya, akaweka taa kando ya kitanda kwa kuwa anajua dada yake tangu utotoni anaogopa giza. Kisha akarudi jikoni kuendelea kununa.

Sasa, watu wawili hawawezi kutumia jiko moja bila kusemezana, hata wawe wakaidi namna gani. Ndipo paka alipopata ajira. Alikuwa mzee wa kijivu mwenye sikio lililochanika, na tulimwita Katibu kwa sababu mawasiliano yote ya nyumba yalipitia kwake.

"Katibu," Mama angesema, macho kwa paka, "mwambie anayepika kwamba chumvi haijapigwa marufuku."

"Katibu," mama mkubwa angejibu huku anakoroga, "mjibu kwamba presha yake ndiyo iliyoipiga marufuku."

Katibu alimtazama huyu, akamtazama yule, akajilamba mguu. Waliishi hivyo asubuhi na jioni. Kupitia paka walijadili bei za sokoni, majirani, na wanaume wote niliowakataa. Walicheka pia, kila mmoja akimchekea paka. Mgeni angedhani nyumba yetu ina mapenzi ya kupita kiasi kwa wanyama. Jambo moja tu hawakuwahi kumpa Katibu alifikishe, nalo ni lile la hospitali.

Mwezi mmoja kabla ya siku ile, Katibu akafa kwa uzee, amejilaza juu ya gazeti. Tulimzika nyuma ya tangi la maji. Ndugu wawili walisimama mmoja upande huu wa shimo na mwingine upande ule, na niliona wazi kila mmoja ana la kusema, ila wa kumpitishia ndiye aliyekuwa ndani ya shimo.

Nilileta paka mwingine, mdogo. Mama alimtazama akaniambia huyu hajui habari zetu, nikamrudisha. Nikajaribu kuwa paka mimi mwenyewe, lakini nilikuwa naongeza maoni yangu, wakaniachisha kazi. Nyumba ikanyamaza. Ulisikia vijiko, ulisikia bomba likidondosha, basi. Mama mkubwa alivumilia mpaka akashindwa, akatoa begi juu ya kabati. Niliumia sana, na kilichoniumiza zaidi ni kwamba Mama aliliona begi lile, akalipita.

Basi siku ile, karibu na mchana, mama mkubwa akatokea kwenye nyumba tuliyokuwa tunapigia picha, mkoba kwapani. Mama alikuwa amesahau vidonge vyake vya presha mezani.

"Mpe mama yako," aliniambia. "Ametoka bila kumeza."

Mama yangu alikuwa palepale, amekaa mezani, anautazama ukuta kama vile una maandishi.

Wazo lilinijia nikiwa nimeshika vile vidonge. Nilimfuata mwongozaji nikamwomba mama mkubwa asome maneno ya bukini. Akauliza kama ni mwigizaji. Nikamjibu hapana, ni dada yake, na hawasemezani. Alinikodolea macho, akatazama dirishani, akasema jaribuni mara moja.

Mama mkubwa kwanza aligoma. Kisha akauliza bukini mwenyewe ana tabia gani.

"Mbishi," nikasema.

Akavaa miwani. Tulimweka kwenye kigoda nyuma ya kiti cha bukini, kiasi kwamba uso wake ulikuja sambamba na ule mpira. Mama alipomwona alinigeukia na kunipa jicho ninalolifahamu tangu utotoni, jicho la tutaonana nyumbani. Mwongozaji akasema anza, Mama akaugeuzia mpira uso.

"Wewe bukini, nani amekula mahindi yangu?"

"Mimi simo," mama mkubwa alisoma. "Kamuulize panya."

"Panya hana mdomo mpana kama wako."

"Na wewe huna macho. Miwani unayo kichwani, unaitafuta kabatini."

Yalikuwa maneno yaleyale waliyoyasoma tangu asubuhi, lakini sasa tulikuwa jikoni kwetu. Sauti ya Mama ilishuka, ikapata ule ukali wake wenye utani ndani. Fundi wa taa alijiziba mdomo ili kicheko kisiingie kwenye sauti. Mwongozaji alisahau kusema kata. Na nilimwona Mama anashtuka kidogo kila akijibiwa, kwa furaha aliyojaribu kuificha, kwa sababu kwa miaka yote ile alikuwa amezungumza na mnyama asiyejibu.

Tukaendelea picha baada ya picha. Tulipopumzika, Mama alimeza vidonge vyake kwa maji.

"Mwambieni bukini nimeshameza," alisema, bila kumtazama mtu.

"Bukini amesikia," mama mkubwa akajibu.

Ikabaki picha moja. Katika hadithi, bwawa la bukini linafukiwa, na bibi anagundua kwamba bukini alijua habari hiyo siku nyingi akanyamaza. Bibi anamuuliza kwa nini hakumwambia, na bukini anajibu kwamba angesemaje, mdomo ulikuwa umejaa mahindi. Ni mzaha, watoto wangecheka. Nilikuwa nimelipitia andiko lile hadi nimelichoka, na wala sikuwaza chochote mpaka Mama alipofungua mdomo.

"Ulijua," aliuambia mpira. Alisema polepole. "Ulijua muda wote. Na kila siku nilikuuliza."

Hilo la kila siku halikuandikwa popote.

"Kwa nini hukuniambia?"

Mama mkubwa alikuwa na karatasi mkononi. Msaidizi wa mwongozaji alidhani amepotea mstari, akanyoosha kidole kumwonyesha. Mama mkubwa alivua miwani.

"Kila nilipokwambia anaendelea vizuri," alisema, "nilikuwa najiambia na mimi. Niliogopa. Nikikuita, ina maana nimekubali kwamba anakufa, na sikuweza kukubali. Nisamehe."

Mwongozaji aliinua mkono, mtu yeyote asisogee. Mama alikuwa bado anautazama mpira, na mpira ulikuwa unatetemeka, maana Twiga chini ya meza alikuwa amejikaza kisabuni na alikuwa anashindwa.

"Begi langu lilikuwa tayari," Mama aliuambia mpira. "Siku ile ya kwanza. Nililifunga, likawa mlangoni. Ukaniambia nisihangaike, nikalifungua."

"Najua."

"Nikalifungua, bukini. Nikarudisha nguo kabatini."

"Najua, mdogo wangu."

Mwongozaji alisema kata kwa sauti ndogo sana, kama anayeogopa kuamsha mtoto. Twiga akatoka chini ya meza, akachukua fimbo yake, akaenda nje akisingizia mgongo.

Mpira ukaondoka naye. Kwa kawaida macho ya mwigizaji hufuata kitu kinachosogea. Nimeyaona mengi, ndiyo kazi yangu. Macho ya Mama hayakufuata. Yalibaki palepale ulipokuwa mpira, na pale, nyuma ya kiti kitupu, alikuwa amekaa dada yake na karatasi yake mapajani.

Nilijua atatafuta kitu cha kusemea. Kikombe, kijiko, mimi. Nikarudi nyuma hadi nikagusa friji, ili nisipatikane.

"Dada," Mama alisema.

Mama mkubwa akainua uso.

"Lile begi lako mlangoni. Asubuhi nimejikwaa nalo, nusura nivunjike mguu."

"Nitalisogeza."

"Usilisogeze," Mama akasema. "Lifungue."