Sheria Alikaa Upande Wangu wa Kushoto

Jana baada ya chakula cha mchana nilijilaza kwenye mkeka barazani, nikaota nimeua mtu.

Jambo lenyewe lina chanzo. Wiki iliyopita wezi waliingia kwa jirani yetu, Mama Tunu, wakamfunga mikono kwa kanga zake mwenyewe. Tangu siku hiyo mume wangu, Baba Zaituni, aliutoa mchi wa kutwangia jikoni akausimamisha nyuma ya mlango wa sebule.

"Akiingia mtu, Mama Zaituni, wewe piga," aliniambia. "Sheria iko upande wako."

Basi katika ndoto Sheria alikuwa upande wangu kweli. Alikuwa mama mmoja mfupi, mwenye miwani, amekaa kwenye kigoda kushoto kwangu, anachambua mchele.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba. Endelea na shughuli zako, mwanangu. Mimi niko upande wako tu."

Hapo mlango unavunjika. Anaingia mwanamume mrefu mwenye panga, anakuja moja kwa moja kwangu, ananyanyua mkono. Nauchukua mchi, nampiga la kichwa. Panga linaangukia kule, naye anaangukia huku.

"Hilo sawa," anasema Sheria, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo.

Nampiga la pili.

Nilipogeuka kushoto, kigoda kilikuwa kitupu. Sheria alikuwa ameshafika barabarani, ungo kichwani.

"Mama, mbona unaniacha?"

"Mimi nilikuja kwa pigo moja," akasema, akakata kona.

Sebule ikawa mahakama. Hakimu alikuwa kinu changu, amevalishwa joho jeusi. Mwendesha mashtaka alikuwa pasi ya mkaa, maana kazi yake, alisema, ni kunyoosha mambo. Kila akikasirika alitoa cheche. Mimi na mchi tulisimamishwa kizimbani pamoja.

"Napinga, mheshimiwa," pasi ikaanza. "Hakimu na mshtakiwa wa pili wanafahamiana."

"Tunakutana kikazi tu," kinu kikajibu.

Mchi ukatazama chini.

"Jina la mshtakiwa wa kwanza?"

"Sikudhani binti Mrisho."

Pasi ikaruka. "Mheshimiwa, amekiri! Ili ajitetee lazima awe alidhani maisha yake yako hatarini. Mwenyewe anasema hakudhani!"

"Ni jina, mheshimiwa," nikasema. "Nilipewa na bibi yangu. Mama alikuwa mtu mzima, hakuna aliyetegemea kama atazaa tena."

"Andika," kinu kikamwambia karani. "Bibi hakudhani. Mjukuu alidhani."

Akaitwa marehemu kutoa ushahidi. Aliingia na nundu mbili kichwani, kofia ameishika mkononi, akanisalimia, "Shikamoo, mama." Nikaitikia, ningefanyaje? Akaapa, akataja jina lake: Mashaka.

"Naikumbusha mahakama," pasi ikasema, "kwamba kosa la kuua huthibitishwa pasipo mashaka yoyote."

"Kwa hiyo nitoke?" akauliza marehemu.

Kinu kikafikiri kidogo. "Sema kwanza. Halafu utoke."

Mashaka akaigusa nundu ya kwanza. "Hii sina neno nayo. Nilikuwa nakwenda kumkata, na panga nililinoa mwenyewe." Akaigusa ya pili. "Lakini hii ilinikuta chini, mikono mitupu. Nilishasema, 'Basi, mama.'"

Akainama kwa adabu, akatoka, akaufunga mlango polepole kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

Mchi ukaninong'oneza: "Kana, sema hukumsikia. Waliosikia ni wewe na yeye, naye ameshatolewa. Wewe ukifungwa, mimi nitakuwa kuni."

"Sikudhani," kinu kikaita. "Ulimsikia?"

Nilitaka kusema sikumsikia. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ncha ya ulimi. Nikaangalia kushoto kwangu, hapakuwa na mtu wa kuniambia hilo sawa au hilo si sawa.

"Nilimsikia," nikasema. "La kwanza nilimpiga kwa woga wangu. La pili nilimpiga kwa ajili ya mikono ya Mama Tunu."

Hata pasi ikapoa.

"Mama Tunu alikuwemo ndani?" kinu kikauliza taratibu.

"Hakuwemo."

"La kwanza halina kosa. Kwa la pili, ungeweza kurudi nyuma. Ulirudi?"

"Sikurudi, mheshimiwa."

"Basi rudi sasa hivi. Kinyumenyume, mpaka ukuta ukuzuie. Mahakama inataka kujua ulikuwa na nafasi kiasi gani."

Nikaanza kurudi. Napita kizimbani, napita jikoni kwangu, napita kwenye soko la nyanya, wauzaji wanasogeza matenga kunipisha. Mama mmoja ananiuliza kama mimi ndiye mwisho wa foleni. Napita uwanja wa shule, napita reli, napita mashamba ya mkonge mstari kwa mstari. Karani ananifuata na futi kamba, anahesabu hatua, jasho linamtoka. Kwa mbali kinu kinaonekana kidogo kama kikombe cha kahawa.

Nalia sasa. Sikudhani kama nyuma yangu palikuwa na nafasi yote ile.

Ndipo mgongo wangu ukagota kwenye kitu cha baridi.

"Pole na safari," ukuta ukasema. "Nilikuwa nakusubiri."

Nikaamka. Jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa baraza. Baba Zaituni alikuwa amesimama na kikombe cha chai, ananitazama kama anayesoma barua ya mtu mwingine.

"Ulikwenda wapi, Mama Zaituni?"

"Niende wapi? Sijatoka kwenye mkeka huu."

"Hebu geuka."

Nikageuka. Akaweka kikombe chini, akaanza kunipangusa mgongoni kwa kiganja, kutoka mabegani mpaka kiunoni, kisha akanionyesha kiganja chenyewe. Kilikuwa cheupe pe kwa chokaa.

Nyumba yetu ni ya matofali ya kuchoma. Mtaa huu mzima hauna ukuta hata mmoja uliopakwa chokaa.