Mhoja Ndani ya Silinda

Umeme ulipokatika Jumanne asubuhi, Malimi aliweka kikombe chake cha chai juu ya ndoo, akachukua nyundo, akaenda kuipiga vali ya mvuke.

Zamani vali hiyo ilizungushwa kwa mkono. Kisha kiwanda, kilichopo kando ya ziwa upande wa Ilemela, kikaifungia silinda. Hewa ya kompresa ilisukuma pistoni, vali ikafunguka, mvuke ukaingia kwenye pipa la kupikia vichwa na mifupa ya sangara. Umeme ukikatika hewa iliisha, na springi ilitakiwa kuirudisha pistoni ili vali ijifunge. Springi ilikuwa imevunjika. Jonathan, msimamizi, aliagiza itumike nyundo.

Wiki iliyotangulia nyundo ilichelewa. Mfuniko wa pipa ulifumuka, mvuke ukampata Mhoja usoni na kifuani, ngozi ikambabuka kama ya nyanya iliyomwagiwa maji ya moto. Walimzika Buswelu. Sasa alikuwa ndani ya silinda.

Malimi alipopiga, Mhoja alikohoa.

"Taratibu basi, ndugu yangu."

"Nisamehe, kaka. Pipa limeshaanza kutetemeka."

Akapiga tena. Mfupa ukalia, vali ikafunga, damu ikachuruzika kwenye nati.

Malimi akamwita Suzana, mjane wa Mhoja, aliyekuwa akikata minofu. Suzana alinawa, akaweka kiganja juu ya silinda.

"Wamekuumiza wapi, baba Paskazia?"

"Mbavuni. Usimkasirikie Malimi. Asiponipiga, wengine watababuka kama mimi."

"Utatoka lini humo?"

"Wakiweka springi mpya. Hapo nitakwenda kulala."

Suzana akaenda ofisini. Jonathan alisimama kumpokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mume wangu anapigwa kule chini."

"Nimesikia, mama. Pole sana." Akamvutia kiti, akamfungulia soda.

"Nunueni springi, apumzike."

"Mama, mimi nakuheshimu. Lakini tangu mzee aingie mle, vali inafunga haraka kuliko ilipokuwa mpya. Springi ya nini tena?"

Soda ilibaki mezani.

Mchana umeme ulikatika tena. Malimi alikuwa amevua sweta lake na kulizungushia kichwa cha nyundo. Hata hivyo taya la Mhoja lilivunjika, na jino lake moja likadondoka kwenye sakafu iliyolowa. Dorcas wa usafi aliliokota, akalisuuza, akampelekea Suzana likiwa limefungwa kwenye leso safi.

Ijumaa ilipangwa kuwa siku ya wakaguzi. Jonathan akamtuma Yakobo, fundi rangi, aipake silinda rangi nyekundu ili damu isionekane. Yakobo alimkuta Suzana akimkanda mumewe kwa maji ya chumvi. Akachuchumaa pembeni na kopo lake, akasubiri mpaka amalize kumkausha.

Kisha akapaka.