Marehemu Anashona Sare

Wimbo wa mpwa wangu haufai hata kufukuzia kuku, lakini mwaka ule ulipigwa kila mahali penye umeme. Ulipigwa saluni, ukapigwa kwenye duka la dawa, ukapigwa hata benki, watu wamesimama kwenye foleni na shida zao. Unaitwa "Nani Ataniamsha". Ndani yake mwanamume mzima, ana ndevu, analia kwamba mama yake amekufa na sasa hana wa kumwamsha asubuhi. Ubeti wa pili analia kwamba hana wa kumfulia. Ubeti wa tatu hakuna, kuanzia hapo ni kugumia tu mpaka mwisho. Watu walimwaga machozi. Mimi nilisema nitamnunulia saa ya kengele, nikaambiwa nina roho mbaya.

Jina lake la usanii ni Machozi. Nyumbani ni Bonge, maana alizaliwa mnene na hakuona sababu ya kubadilika.

Mama yake ni dada yangu, tumbo moja. Ni fundi cherehani. Anashona sare za shule kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, dirisha limeangalia barabara, na wazazi wanaleta watoto kupimwa wakiwa wamesimama palepale kibarazani. Wimbo ulipotoka alikuwa hai. Mpaka leo yu hai, ana meno yake yote, na akikuita unamsikia mtaa wa pili.

Mimi ni seremala. Natengeneza vitanda, milango, makabati, na jeneza likihitajika. Bonge alinijia karakana na dairekta wake, jamaa aliyeingia ndani na miwani ya jua kisha akalalamika kwamba kwangu kuna giza. Walitaka jeneza la video. Nikauliza vipimo vya marehemu, kwa sababu ndivyo kazi inavyoanza, huchongi hovyo hovyo. Dairekta akacheka, akasema marehemu hayupo, nifanye la mtu wa kawaida. Kisha masharti yakaanza. Liwe jepesi, kwa kuwa wabebaji watakuwa wanacheza. Ubavu mmoja uwe wazi ili kamera ichungulie. Na chini liwe na magurudumu. Nikalitengeneza kwa mbao za dari, nikalifungia magurudumu ya kiti cha ofisi. Lilipokwisha lilifanana na kabati la viatu lililoanguka chali. Dairekta akalizunguka, akasema lina hisia.

Siku hiyohiyo Bonge alipita kwa mama yake, akaazima picha yake ya ukutani. Ni picha nzuri: dada yangu amevaa gauni jeupe alilolishona mwenyewe, amekaa nyuma ya cherehani, anacheka. Bonge alimwambia anataka kuikuza. Mama gani anakataa hapo? Aliifuta vumbi kwa upindo wa nguo, akaifunga kwenye gazeti, akamwambia asiikunje.

Video tuliiona kwenye simu ya mteja aliyekuja kuchukua sketi za wanawe. Mvua inanyesha, lakini ni mvua ya mpira wa kumwagilia bustani, jua linawaka nyuma. Wasichana wenye nguo nyeusi fupi wanatikisa msiba. Bonge amejilaza juu ya kabati langu la viatu, saa ya dhahabu mkononi, viatu vyeupe, anasukumwa kwenye magurudumu huku akiuliza nani atamwamsha. Halafu kamera inapanda polepole, maua, mishumaa, na katikati ya maua dada yangu na gauni lake jeupe, anacheka. Chini imeandikwa: Pumzika, Mama.

Mteja aliganda na simu mkononi, hajui aifiche wapi. Dada yangu aliangalia mpaka mwisho.

"Gauni limempendeza marehemu," akasema, akarudi kutia uzi kwenye sindano.

Alidhani ni mchezo wa watoto, utapita. Mimi pia nilidhani hivyo. Wote wawili tulikosea, tuliwapa watu akili ambayo hawana. Wiki ile wanawake walianza kuja kutoa pole, wamevaa nyuso za msiba, wakimkuta marehemu anakanyaga cherehani. Mmoja aligeuka getini na kuondoka bila kuaga. Mwingine aliingia, akakaa, akanywa chai, akamsimulia dada yangu jinsi alivyolia alipoona video, na alipoambiwa huyu hapa mbele yako ndiye mwenyewe, akakasirika. Alisema amelia bure.

Hayo yangevumilika. Lakini shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na hapo ndipo dada yangu anapopata riziki ya mwaka. Mwalimu mkuu wa shule anayoishonea tangu Bonge hajaota meno aliwapa mafundi wengine majora yote ya kitambaa. Hakuwa na ubaya, aliona video akasikitika, akatafuta wengine. Dada yangu alipomfuata ofisini, mwalimu mkuu alimshika mkono akaubonyeza kidogo, kama anayenunua parachichi, kisha akaomba radhi. Vitambaa vilikuwa vimeshakatwa. Na wale wazazi wanaoleta mtoto mmoja mmoja, ambao ndio wengi, nao walipita barabarani wakilitazama dirisha kwa huruma, wakaenda kwingine.

Kwa hiyo dada yangu alitaka kitu kimoja tu. Bonge asimame palepale anapolilia, mbele ya watu walewale, aseme mama yangu yupo na anafanya kazi. Alipiga simu. Akapokea meneja. Akapiga tena, akapokea meneja.

Mwishowe Bonge alikuja, na meneja nyuma yake kama mkia. Meneja ndiye aliyeongea. Alieleza kwa upole kwamba watu hawawezi kumlilia mama ambaye jana walimwona gengeni akichagua vitunguu. Alisema kuna tuzo inakuja, na wimbo uko mbele. Akapendekeza dada yangu akapumzike kwenye nyumba moja nje ya mji mpaka tuzo ipite. Muda wote huo Bonge alikuwa anatazama simu yake, anaangalia waliotazama wameongezeka wangapi.

"Nijifiche nimeua nani?" dada yangu aliuliza. "Bonge, nitazame. Mimi ni maiti?"

Bonge akainua macho. Nadhani aliona aibu kidogo, ile inayokaa dakika kisha inatoka yenyewe. Akasema, sawa, Jumamosi televisheni wanakuja kuonyesha nyumba aliyokulia, matangazo ni mubashara. Atamtoa mama hapohapo. Meneja alifikiria, uso ukang'aa, akasema hiyo nayo si mbaya, watu watalia mara mbili. Bonge akamshika mama yake mabega, akaapa kwa jina lake. Kumwapia mtu kwa jina la marehemu ambaye ndiye yeye, hilo sijaliona kwingine.

Jumamosi dada yangu alipiga deki tangu asubuhi, akavaa gauni lile jeupe la kwenye picha, ili asiwepo wa kubisha. Mimi nilikuja nikaegemea mlango. Wakafika na taa zao na nyaya zao, wakasogeza meza ya kukatia kama yao. Mtangazaji alikuwa mwanamke mwenye kucha ndefu kiasi kwamba alishika kipaza sauti kwa viganja. Bonge aliingia taratibu, akaweka mkono juu ya cherehani, akafumba macho. Akakaa hivyo. Cherehani ilikuwa ya moto bado, mama yake alikuwa ametoka kuikanyaga.

Mtangazaji akamwona dada yangu. Akaitazama ile picha kwenye simu yake, akamtazama tena.

"Na huyu mama ni nani?"

Bonge akamtazama meneja. Meneja alikuwa amesimama nyuma ya kamera, akatikisa kichwa, kidogo sana, kama mtu anayefukuza nzi.

"Huyu ni mama mdogo," Bonge akasema. "Pacha wa marehemu."

Nina dada mmoja. Nilifungua mdomo nimwambie mtangazaji hivyo, na mengine ambayo televisheni wasingeyapenda, lakini dada yangu alinikata jicho nikaufunga. Alikuwa amekaa kando ya cherehani, mikono mapajani. Nilimwona akimtazama mwanawe kama anavyotazama nguo iliyoharibika, anatafuta kama kuna pa kurekebisha. Kisha akajivuta mbele ya kamera, akakaa vizuri.

"Ni kweli, mwanangu," akamwambia mtangazaji. "Mimi ndiye mdogo."

Mtangazaji akamwomba atukumbushe marehemu alikuwa mtu wa namna gani.

"Alikuwa mjinga kidogo. Alimwamsha huyu mpaka ndevu zikaota. Alimfulia mpaka nguo za ndani, yeye amelala kwenye kochi anatunga nyimbo za mapenzi."

Mtangazaji alicheka, halafu akakumbuka ni msiba. Akauliza aliumwa nini.

"Hakuumwa. Ilitoka picha yake ukutani, naye akafuata. Kabla hajaondoka alimpigia mwanawe simu, akapokea meneja."

Hapo mtangazaji akaanza kulia kweli, rangi za macho zikateremka. Bonge alikuwa anatikisa kichwa kukubali, maana angefanya nini? Kila neno lilikuwa la msiba wake mwenyewe. Jasho lilimtoka mpaka shati likashika mgongo. Meneja alikuwa anamfanyia mpiga picha ishara ya kukata, na mpiga picha hakumjali, kazi yake ni kupiga picha.

"Neno lake la mwisho lilikuwa nini, mama?"

"Alisema mwanawe asihangaike, mimi nipo. Lakini mimi si kama marehemu. Mimi sifui." Kisha akageukia kamera moja kwa moja. "Na sare za shule nashona mimi, wazazi wajue. Hapahapa dirishani, mkono ni uleule."

Jumatatu kibaraza kilijaa. Watu haohao waliopita wakimhurumia sasa walikuja kumtazama pacha, wakisema wanafanana sana, sema huyu amechangamka zaidi. Wakampimisha watoto. Nilimsaidia kuhesabu vifungo na sikumrekebisha hata mtu mmoja. Watu wa namna hiyo ukiwarekebisha wanadai machozi yao.

Tuzo haikuja kwa Bonge. Ilikwenda kwa mwingine aliyeimba kuhusu viatu vyake, tena kwa haki, maana viatu angalau vilikuwepo. Na Bonge kila alipopanda jukwaani, akifika pale pa "nani atanifulia", umati ulimjibu kwa pamoja: mimi sifui. Wakaacha kumwalika.

Ndipo akaja. Peke yake, mchana, bila miwani. Alisimama nje ya dirisha pale wanapopimwa watoto, na dada yangu alikuwa anapinda kola.

"Mama, nisamehe."

Mguu wa dada yangu haukusimama kwenye cherehani. "Mama yako alifariki, baba. Ulimlilia vizuri, nchi nzima iliona."

"Mama, tafadhali."

"Mama mdogo," akamsahihisha.

Bonge alinitazama mimi. Nikaendelea kurekebisha mguu wa meza ya kukatia. Alisimama pale, magari yakipita nyuma yake, mtu mkubwa mwenye nguo ya gharama, mikono haina kazi.

"Mama mdogo," akasema mwishowe. "Naomba maji."

Dada yangu alikata uzi kwa meno, akaingia ndani. Alimletea maji kwenye glasi ya wageni, yenye kisahani chake, akamuuliza kwa adabu kama anakaa au anapita tu.