Nukta ya Simioni

Ikram hakupenda uchafu, hata ule wa ndani ya kompyuta ambao hakuna mteja angeuona. Katika karakana ya baba yake, Tarime mjini, yeye alichora chapa za ng'ombe. Mashine ilikata chuma kwa kufuata mchoro, na mfugaji akaondoka na chapa yake. Mafaili ya michoro yalikuwa yamejaa maandishi ovyo ovyo. Siku moja akaandika amri ya mstari mmoja, akabonyeza, na programu ikayapanga yote mia mbili kufumba na kufumbua, ikatupa kila ilichoona hakina kazi. Alijisikia fahari, maskini, wala hakufungua hata moja kukagua.

Kati ya vilivyotupwa ilikuwamo nukta. Chapa ya Joel wa Itiryo ni pembe mbili. Ya Simioni wa Kerende ni pembe mbili na nukta katikati. Nukta hiyo Ikram aliichora kama mstari usio na urefu, wenye ncha nene ya mviringo, na kwa programu ile mstari usio na urefu si kitu. Simioni, ambaye chuma chake cha zamani kilikatika, akakatiwa kipya. Mzee haoni vizuri vya karibu. Akawachoma mitamba wake sita, vidonda vikavimba, vikapona, akawapeleka mnadani.

Jumamosi mchana Boke, mke wa Simioni, aliingia karakanani akihema, chuma mkononi.

"Mwanangu, nukta iko wapi? Joel anasema mitamba ni yake. Wanamuua mume wangu!"

Ikram akafungua faili, akaona nukta haipo. Walipanda bodaboda moja wote wawili.

Mnadani hakuna aliyekuwa akiuza. Simioni alikuwa chini, mdomo umejaa damu na vumbi, mkono umevunjika juu ya kiwiko. Fimbo zilimshukia bila kupumzika. Panga likampiga bapa mgongoni. La pili halikuwa bapa, na shati likafunguka pamoja na ngozi.

"Ni kosa langu!" Ikram alipiga kelele. Nani amsikie? Alipenya, akala fimbo ya bega, akamkamata Joel shati na kumwonyesha kile chuma cha Boke. "Baba, nukta nimeifuta mimi! Mzee Simioni hajaiba!"

Joel akatazama chuma, akamtazama aliyelala. Uso ukamshuka.

"Acheni! Si mwizi! Elia, mura, acha!"

Hakuna aliyeacha. Joel akajitupa juu ya Simioni kumkinga. Rungu la Elia, mdogo wake wa tumbo moja, lilikuwa limeshapanda, likashuka kisogoni kwa kaka yake. Ule mlio kila mtu aliusikia.

Mashujaa wote wakakumbuka wana safari. Elia alibaki peke yake, akimtikisa Joel na kumwita. Simioni alikuwa anapumua. Joel hakupumua tena.

Ikram alilia hadi akatapika. Aliuchukia unadhifu wake, akajichukia mwenyewe zaidi. Boke alivua kitenge chenye damu ya mumewe, akamfunika Joel uso.

"Ana mke Itiryo, mjamzito," alisema. "Nani atakwenda kumwambia?"

Ikram akafuta mdomo, akamwita yule wa bodaboda.

"Nakwenda mimi, mama. Na nitamwambia nilichofanya."