Faili la Mwezi wa Tatu

Katibu Julius alisema faili limeoza. Alilisema hilo mbele ya watu, kwa sauti ya mtu aliyeshiba, na Fabiola akasikia hasira inampanda mpaka masikioni. Faili linaoza? Kwani ni nyama hilo? Ni parachichi? Miaka sita mtu amekalia kiti cha katibu wa ushirika wa wafugaji, kompyuta iko mezani kwake, na mpaka leo hajui faili lililobanwa ni lipi na lililoharibika ni lipi!

"Nimelifungua mwenyewe," Julius akaendelea. "Yametoka madude tu, alama za ajabu ajabu. Hakuna kitu humo. Kwa hiyo narudia: Mzee Bura hakutoa taarifa. Alificha ugonjwa, na mifugo ya Tumati nzima ikaambukizwa."

Wazee saba kutoka Tumati walikuwa wamebanana kwenye benchi moja pale ofisini Dongobesh. Benchi la pili alikaa Bura peke yake, koti lake la mvua magotini. Huyo ndiye baba yake Fabiola. Tangu ugonjwa wa miguu na midomo uingie kijijini, wiki tatu sasa, hakuna kijana aliyempa shikamoo. Akipita njiani, watoto wa majirani wanageuka kutazama mahindi. Na leo wazee walikuja kumaliza kazi: ikithibitika alificha, anatolewa kwenye zamu ya kuchunga na haruhusiwi kunywesha bwawani. Kwa mzee mwenye ng'ombe kumi na mmoja na hana wa kumchungia, hiyo ni sawa na kuambiwa auze wote.

"Baba alituma ujumbe," Fabiola alisema. "Ujumbe wote wa wafugaji unaingia kwenye mashine hii. Mwezi ukiisha, mashine yenyewe inaubana kuwa faili dogo ili usile nafasi. Ukilifungua kama barua ya kawaida, lazima uone madude. Halijaoza hilo!"

"Wewe ni binti yake," Julius akamkata. "Na wewe ndiye mtunza mashine. Ukilifumua, nani atajua umepachika nini ndani?"

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Hapo ndipo palipomuuma Fabiola, kwa sababu neno lilikuwa na uzito. Tena hata angetaka kulifumua asingeweza. Mashine ilikuwa imejaa pomoni, na iliyoijaza ni mipicha ya harusi ya mdogo wake katibu!

"Silifumui," akasema. "Nalisoma likiwa limebanwa hivyo hivyo. Halitaongezeka hata nukta. Mzee Sebastiani, wewe ulikuwa mwalimu, naomba usogee. Andika ukubwa wake na tarehe yake kabla sijaligusa."

Mzee Sebastiani akavaa miwani, akasogea, akaandika kwenye kijidaftari chake. Fabiola akafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, ambalo Julius hupenda kuliita uganga wa Fabiola, akaandika amri ya kutafuta jina la baba yake ndani ya faili lililobanwa:

zgrep -i bura machi.txt.gz

Akabonyeza. Mashine ikakaa kimya kidogo, kisha ikamletea mstari mtupu. Hakuna Bura.

Julius akacheka. Jamani, alicheka mpaka akapiga meza! "Si niliwaambia? Haya, uganga umegoma."

Fabiola alitamani kumrushia kibodi ile usoni. Akamgeukia baba yake, na hasira nyingine ikaangukia huko. "Baba, ulituma kweli au hukutuma?"

"Nilituma," Bura akajibu. "Kwa simu ya mama Lucia. Yangu haikuwa na chaji."

"Sasa jina lako liko wapi?"

"Jina langu la nini?" Mzee akamtazama kama anayemshangaa. "Ng'ombe hakuwa wangu."

Wazee wakatazamana. Hakuna mle ndani asiyejua desturi hiyo. Mwenye ng'ombe wengi huwaweka wengine kwa rafiki. Rafiki anakamua, anachunga, watoto wanakunywa maziwa, lakini hathubutu kumwita wake. Ng'ombe aliyeanza kuugua alikuwa wa Yoakimu wa Maretadu, ana miaka minne zizini kwa Bura. Fabiola mwenyewe anayanywa maziwa yake kila akirudi nyumbani, na hakukumbuka! Alijiona mjinga wa mwisho. Akaandika tena, vidole vinagonga kwa nguvu:

zgrep -i yoakimu machi.txt.gz

Ukatoka mstari mmoja. Mzee Sebastiani akausoma kwa sauti, polepole, kama anawasomea darasa la kwanza.

"Tarehe kumi na mbili, saa moja na dakika arobaini asubuhi. Ng'ombe wa Yoakimu aliyeko Tumati anatokwa na mate na anachechemea, na ndama wake vilevile. Njooni upesi." Akasogeza miwani. "Halafu imeandikwa: umesomwa na katibu, saa tatu na dakika tano, siku hiyo hiyo."

Akaangalia kijidaftari, akaangalia ukubwa na tarehe kwenye kioo. Vilikuwa vile vile alivyoviandika.

"Mimi... nilimpigia Yoakimu," Julius akababaika. "Akaniambia ng'ombe wake wote wazima."

"Wa nyumbani kwake!" Fabiola akafoka. "Ulimuuliza wa nyumbani kwake! Ujumbe umesema Tumati, wewe unapiga Maretadu! Halafu ulipogundua umeboronga, ukamtupia mzee wa watu lawama. Wiki tatu unajua, Julius! Wiki tatu unakula, unalala, na baba yangu hasalimiwi!"

Jasho lilimtoka Julius. Wazee wa Tumati walikuwa wanaangalia sakafu, kwa sababu na wao walikuwa na lao. Mwishowe mmoja akainuka, akaenda kukaa benchi la Bura.

Julius naye akainuka. Akazunguka meza, akainamisha kichwa. "Shikamoo, mzee."

Kwetu shikamoo haiachwi hewani. Hata mgomvi wako akikuamkia, unamwitikia. Bura akasimama, akavaa koti lake, akafunga vifungo vyote kimoja kimoja.

"Ndama alikufa siku ya nne," akasema. "Nilikuwa barabarani nasikilizia gari lenu. Yoakimu hajaambiwa bado. Nenda ukamwambie wewe."

Akatoka nje, na Fabiola akamfuata. Julius alibaki ameinamisha kichwa vile vile, anasubiri marahaba.