Chumvi ya Kaka Mshamu

Wewe unayesoma, ile nyumba ya geti la buluu unaijua. Ukiikaribia unaanza kutafuta kitu mfukoni, na mfukoni hamna kitu. Ukishaipita ndipo unainua uso. Nimekuona. Tena siku ilipofunguliwa ulikuwepo: ulipiga makofi, ukala pilau, ukasema sasa wagonjwa wetu wa akili wamepata makao. Pilau lile lilikuwa na chumvi ya kutosha. Mimi sisahau.

Usiku wa jana, wewe ukikoroma, niliota nimesimama mbele ya geti lile, jua la mchana linachoma, nimekuja kumchukua kaka yangu Mshamu. Kaka Mshamu alikuwa mvuna chumvi. Akaanza kusikia sauti zinazomwita kutoka majini, tukamleta hapa, tukaambiwa: akitulia, mtamchukua. Mama bado anampakulia sahani yake kila siku na kuifunika.

Kufuli la geti likanitazama.

"Siku ya wageni ni Jumamosi," likasema.

"Kwani leo siku gani?"

"Humu hamna siku."

"Basi nifungulie."

"Ndugu yangu, mimi kazi yangu ni usalama." Likadondoka chini lenyewe, maana kutu ilishalimaliza.

Ndani kuna sherehe. Benchi la mbao linaruhusiwa kurudi nyumbani. Anayeliaga ni Metroni, na Metroni ni gauni jeupe lililotiwa wanga likasimama, ndani hamna mtu. Ukutani juu yake pameandikwa kwa rangi: ANAYETULIA AMEPONA.

"Mwenzenu huyu," anasema Metroni, akilivisha benchi shada la maua, "tangu aletwe hajaomba kitu. Hajalia. Hajauliza mama yake yuko wapi. Amepona kabisa."

Wagonjwa wanapiga makofi. Benchi linabebwa kwenda kwao.

"Hata mimi ningeshatoka," ndoo ya kona ikaninong'oneza, "ila navuja. Tone likianguka wanasema napiga kelele."

Kaka Mshamu nikamkuta mezani, ameinamia sahani ya maharage. Amekonda, lakini ndevu ni zile zile.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Umekuja na chumvi?"

Metroni akapiga kengele. "Dalili!"

"Kuomba chumvi ni dalili?"

"Kuomba ni dalili. Jana aliomba, juzi aliomba. Ugonjwa umeota mizizi."

"Lakini maharage yenyewe hayana chumvi!"

Metroni akaniinamia kwa huruma. "Na wewe, pole. Umeanza lini?"

"Muache," akasema kaka, akichezesha kijiko. "Tatizo ni mpishi. Huyu mpishi aligombana na bahari, hawasalimiani."

Kengele. "Utani. Dalili."

Hapo sakafu ikawa shamba la chumvi. Sikushangaa. Vitanda vimepangwa ndani ya maji ya kina kifupi, na chumvi imeganda nyeupe mpaka magotini mwa watu, nao wamekaa vitandani wanakula maharage ya chukuchuku. Kaka akainama achote kidogo.

"Hiyo ni ya kuonyesha wageni," Metroni akasema. "Inakaa pamoja na mashuka mapya."

Nikamshika kaka mkono. "Kaka, nyamaza. Nyamaza kidogo tu, nikutoe humu."

"Ninyamaze mpaka wapi?"

"Mpaka getini."

Akanitazama sana. Kisha akafumba mdomo, kwa sababu ni mimi niliyemwomba.

Magoti yakakakamaa kwanza. Kisha mgongo ukawa bapa, ndevu zikaingia ndani ya mbao, na pale alipokuwa kaka yangu pakawa na kigoda.

"Amepona!" Metroni akapiga makofi ya mikono mitupu. "Mchukue. Huyu hahitaji hata nauli."

Nikambeba kwapani. Alikuwa mwepesi. Geti lilikuwa wazi mpaka mwisho, na njia ya nyumbani inaonekana, na jikoni kwa mama moshi unaonekana. Mama ataniuliza, Mshamu yuko wapi? Nami nitamwambia: keti, mama.

Nikasimama. Nikamweka chini, nikapiga magoti mavumbini.

"Kaka, omba chumvi."

Nikamgonga kwa vidole.

"Kaka, maharage ya humu ni matamu sana. Nimeyaonja."

Kigoda kilekile.

Nikapata la mwisho. "Kaka, wale wa shamba la pili wanasema hukujua kuvuna. Wanasema chumvi yako ilikuwa na mchanga."

Kigoda kikalia kwa ndani.

"Mchanga?" Ndevu zikatokeza. "Mchanga kwenye chumvi yangu? Nani kasema? Nitajie jina lake, huyo mwanahizaya!"

Kengele zikalia zote. Kaka amesimama kwa miguu yake, anafoka, macho yanang'aa, mzima kuliko nilivyomwona tangu aondoke nyumbani. Na gauni jeupe limeshamkamata mkono, na geti linajifunga kati yetu.

"Mdogo wangu!" Akapitisha mkono kwenye mwanya, akanitia kitu kiganjani, akanifunga vidole. "Waambie waionje!"

Kufuli likapanda mahali pake. "Jumamosi," likasema.

"Leo siku gani?"

Nikaamka ngumi imefumbwa. Nikaifumbua. Chembe nene za chumvi, mbichi, bado zina maji. Chumbani kwangu chumvi ya namna hiyo haijawahi kuingia. Nikaonja. Haina mchanga hata kidogo.

Leo ni Jumamosi. Weka chini hicho unachosoma, vaa viatu, twende pamoja kwenye geti la buluu. Usiridhike na sebule, wala na mashuka mapya. Ingia jikoni, chota maharage, onja. Kisha kaa karibu na mtu yeyote aliyetulia sana, umuulize anataka nini, na usiondoke mpaka akujibu. Akikutukana, shukuru. Chumvi ninayo mimi kiganjani, na inayeyuka. Inuka.