Ubao wa Tarakimu Tatu

Mjomba wangu aliendesha kreni ya karakana yetu kwa miaka ishirini na sita. Wenzake walimwita Jicho la Mwewe. Mimi nilikuwa mkalimani wa mhandisi wa Kichina aliyeisimamia karakana hiyo.

Mchana, baada ya chakula, niliwafundisha mafundi Kichina kidogo. Wiki ile tulikuwa kwenye vitenzi vitatu ambavyo sisi huvikusanya vyote katika "kuweza". Hui ni kuweza kwa sababu umejifunza. Neng ni kuweza kwa sababu mwili na hali vinakuruhusu. Keyi ni kuweza kwa sababu umepewa ruhusa.

"Basi mimi mpira na-hui," alisema mchomeleaji. "Goti ndilo hali-neng."

"Na kwa mkeo hu-keyi!" akadakia Mjomba.

Meza nzima ilicheka. Mimi sikucheka.

Karakana ilikuwa na utaratibu wake wa kupima macho ya mwendesha kreni. Kila asubuhi, kabla mafundi hawajaingia, mhandisi aliandika tarakimu tatu kwenye ubao wa ukuta wa mbali. Mjomba alisimama kwenye mstari wa njano, akazisoma kwa Kiswahili. Mimi nilizitafsiri. Zikiwa sahihi, alipanda kreni. Mhandisi hakujua Kiswahili hata neno. Kwa siku tisa Mjomba alikuwa akikosea, na kwa siku tisa nilitaja kwa Kichina kilichoandikwa ubaoni. Ndiye aliyenilea tangu mama yangu, dada yake, alipofariki. Nilijiambia kwamba damu ni nzito kuliko maji.

Siku ya kumi kulikuwa na mtambo wa tani kumi na mbili wa kuhamishwa. Mchomeleaji angetembea kando yake, akiuongoza kwa kamba.

Mjomba alikaza macho. "Mia nane themanini na moja."

Ubao ulisema mia tatu themanini na saba. Mlangoni mchomeleaji alikuwa ameshafika, anavaa glavu huku akipiga mluzi. Nilimtazama. Kisha nikatafsiri alichosema Mjomba, neno kwa neno.

Mhandisi aliutazama ubao. Akanitazama mimi. "Ta neng ma?" Je, anaweza?

Nilimwambia Mjomba kwamba amekosea, na kwamba anaulizwa kama anaweza. Alivua kofia yake ngumu na kumjibu mhandisi mwenyewe.

"Wo hui," alisema taratibu. "Wo bu neng."

Ujuzi anao. Kuweza, hawezi.

Mhandisi aliipokea kofia kwa mikono miwili. Aliuliza hali hiyo ilianza lini. Swali lilikuwa langu, nami nilisema ni siku tisa sasa, kwanza kwa Kichina, halafu kwa Kiswahili.

"Kumbe ulikuwa unajua, mama?" Mjomba aliniuliza.

"Nilijua, Mjomba."

"Siku zote tisa?"

"Zote."

Alifikicha macho. "Na mimi nikadhani yanapona. Kila siku naona ukungu, kila siku naambiwa nimepata. Ningeshuka mwenyewe siku ya kwanza."

Mhandisi alinipa karatasi na kuniamuru niandike taarifa: tarehe, tarakimu za ubaoni, na tarakimu alizosema Mjomba. Niliketi kwenye meza ya chakula. Mjomba akaketi mbele yangu, kichwa wazi, na kunitajia moja baada ya nyingine tarakimu alizokuwa amezisoma. Alizikumbuka zote.